Programu ya Ujumbe Inapokwama

Mtumiaji ambaye ujumbe wake hauendi huwa mwepesi wa kuifuta programu na kuipakua upya. Hatua hiyo yapasa kuwa ya mwisho. Mazungumzo ya WhatsApp hukaa ndani ya simu. Ukiifuta programu kabla ya kuweka nakala, risiti, picha na makubaliano ya biashara hupotea, wala hakuna ofisi iwezayo kukurejeshea.

Anza kwa kusoma alama. Alama ya saa kando ya ujumbe huonyesha kuwa haujatoka katika simu yako. Tiki moja huonyesha kuwa umetoka, ila haujamfikia mpokeaji: huenda simu yake imezimwa, haina intaneti, au amekuzuia. Tiki mbili maana yake umefika. Hivyo, mwenye kuona tiki moja hana sababu ya kuipeleka simu yake kwa fundi.

Alama ya saa isipoondoka, tazama kwanza salio la kifurushi, kisha jaribu kufungua tovuti yoyote. Tahadhari: kifurushi cha mitandao ya kijamii pekee huweza kupitisha ujumbe na kukataa tovuti, kwa hiyo jaribio hili halitoshi peke yake. Angalia pia tarehe ya simu. Programu hizi hukagua vyeti vya usalama kwa kutumia tarehe hiyo. Simu iliyoishiwa chaji ikawaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita hunyimwa muunganisho hata penye mtandao mzuri. Rudisha tarehe na saa zijipange zenyewe. Nafasi ya kuhifadhi ikiwa imejaa, punguza video. Na kama ujumbe huingia pale tu unapofungua programu, uondolee kizuizi cha kuokoa betri.

Pengine kosa haliko kwako kabisa. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kwa takriban saa sita. Aliyefuta programu jioni ile alijiongezea hasara bure.

Ipi basi ichaguliwe? WhatsApp inao watu wako karibu wote, na tangu 2016 ujumbe wake husimbwa kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Udhaifu wake uko katika nakala inayowekwa Google Drive, ambayo hailindwi hivyo mpaka mwenyewe uwashe ulinzi huo katika mipangilio. Telegram hubeba makundi ya hadi watu 200,000, na mazungumzo yake hufunguka kwenye kifaa kipya bila nakala, kwa kuwa hutunzwa katika seva za kampuni. Urahisi huo una bei yake: ni mazungumzo ya siri pekee yanayosimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na lazima uyachague mwenyewe. Signal, inayoendeshwa na taasisi isiyo ya kibiashara, husimba kila kitu. Ila utaikuta na ndugu wachache mno. Kwa mazungumzo ya kawaida ya ukoo, WhatsApp yatosha. Kwa habari za afya au kesi, twaipendelea Signal.

Matoleo yasiyo rasmi, mathalani GB WhatsApp, yaepukwe. Huvutia kwa rangi na kwa kuficha tiki, lakini hayapitii duka rasmi la programu, hakuna anayethibitisha yanachokusanya, na akaunti yako yaweza kufungiwa.

Limebaki tatizo lililo zito kuliko yote: akaunti kutekwa. Mtu hukuomba umtumie tarakimu 6 zilizoingia kwa SMS, akidai ni mhudumu au ndugu aliyekosea namba. Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa akaunti yako. Akizipata, huanza kuwaomba jamaa zako fedha kwa jina lako. Usimpe mtu yeyote, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili leo hii. Ikiwa umekwisha kutekwa, wapigie jamaa simu ya kawaida kwanza, kabla hawajatuma fedha. Kisha sajili upya namba yako katika WhatsApp: ukiingiza tarakimu mpya za SMS, mwizi hutolewa papo hapo. Kama aliweka PIN yake, utangoja siku 7 ndipo uweze kuingia bila PIN hiyo. Muda huo naye hatakuwa na akaunti hiyo mkononi.