Mkabaji Kasimama, Mtupaji Kamgonga: Faulo ni ya Nani?

"Refa, alikuwa amesimama!" Ukichezesha mpira wa kikapu kwenye viwanja vya shule Korogwe na Handeni, kelele hiyo utaisikia kila mara mkabaji anapoangushwa na mtu anayekwenda kutupa. Mwalimu huianzisha kwenye benchi, wanafunzi wakaipokea. Marefa wapya ninaochezesha nao msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, huwa nawaambia mapema: kusimama peke yake hakumpi mkabaji haki, na kusogea peke yake hakumnyimi. Kanuni za FIBA zinauliza mambo mengine.

Anza na macho. Refa mgeni hufuata mpira, kwa sababu mpira ndio unaovutia. Mshambuliaji akikata kuelekea kikapuni, hamishia macho kwa mkabaji kabla hawajakutana. Ukibaki na mwenye mpira utaona kishindo tu, na kishindo hakikuambii nani alitangulia kufika.

Sasa jiulize: mkabaji alishamkabili mwenzake uso kwa uso, miguu yote miwili ikiwa chini? Kama ndiyo, ameshapata nafasi halali ya kukaba. Kuanzia hapo anaruhusiwa kurudi nyuma, kusogea kando, hata kugeuka au kukinga kifua kwa mikono asiumie, ilimradi asimwendee anayekuja. Akigongwa kifuani huku anarudi nyuma, faulo ni ya mshambuliaji. Uamuzi huu ndio unaobishiwa kuliko yote huku kwetu, na mimi nitautetea siku zote, maana mkabaji aliyefanya kazi yake vizuri anastahili kulindwa. Mwenye mpira naye asidai kwamba hakupewa nafasi ya kujihadhari. Muda na umbali huhesabiwa kwa asiye na mpira. Aliye nao atarajie kukabwa wakati wowote.

Hesabu hubadilika mtupaji akisharuka. Mkabaji lazima awe amefika mahali pake kabla miguu ya mtupaji haijaacha ardhi. Akijiingiza njiani baada ya hapo, faulo ni yake hata kama walipogongana alikuwa ametulia kabisa. Kwa hiyo mwalimu anaweza kuwa anasema kweli kwamba kijana wake alikuwa amesimama. Kachelewa tu.

Halafu kuna silinda. Wanafunzi huwa nawaeleza wafikirie pipa lisiloonekana linalomzunguka kila mchezaji: mbele linaishia kwenye viganja, nyuma kwenye makalio, kando kwenye ukingo wa nje wa mikono na miguu. Hewa iliyo juu ya pipa ni mali yake pia. Mkabaji akiinua mikono wima na kuruka wima, mtupaji akamvamia, mkabaji hana kosa. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kwenye drafti ya NBA mwaka 2009, alisifika chuoni Connecticut kwa kuzuia mitupo. Mchezaji mwenye kimo chake, zaidi ya mita 2.2, akibaki wima anaziba njia bila kumgusa mtu. Wakabaji wetu wengi ni wafupi, na hushawishika kuegemea mbele au kushusha mikono juu ya mtupaji. Tazama viwiko na kiuno: vikitoka nje ya pipa na kumgusa mtupaji, puliza filimbi.

Usiipulize haraka, lakini. Ona mwanzo wa tukio, ona mwisho wake, pima kama mguso ulimharibia mtu kitu. Bega likigusa bega na mtupo ukaenda sawa, mchezo uendelee.

Jambo nisilolivumilia hata kidogo ni mguu unaoingizwa chini ya mtu aliye hewani. Viwanja vyetu vingi ni vya sementi au udongo mgumu, na kifundo kikikunjika hapo mtoto anaweza kukosa mashindano yote. Kanuni inampa aliyeruka haki ya kutua pale pale alipotokea. Kumwingilia chini, wakigusana, kwa kawaida ni faulo isiyo ya kiuanamichezo, si faulo ya kawaida. Naye mtupaji anayerusha mguu mbele ili amguse mkabaji na kuomba faulo, kosa ni lake.

Kabla ya mechi, angalia nusu duara iliyo chini ya kikapu. Viwanja vingine hawakuichora. Chukua futi kamba na chaki, pima mita 1.25 kutoka usawa wa katikati ya ringi, chora, kisha waonyeshe walimu wa timu zote mbili. Mkabaji anayeikanyaga nusu duara hiyo hapewi faulo ya kugongwa na mshambuliaji aliye hewani, isipokuwa kama mshambuliaji ametumia mikono, miguu au mwili isivyo halali.

Mkichezesha wawili, wa mstari wa mwisho asisimame nyuma kabisa ya ubao. Asogee pembeni kidogo mpaka aone mwanya kati ya miili. Ukishaamua, onyesha ishara mara moja: mikono miwili kiunoni kwa mkabaji aliyezuia njia, ngumi kwenye kiganja kwa mshambuliaji aliyevamia. Kama mpira ulishatoka mkononi kabla mshambuliaji hajamgonga mkabaji na ukaingia, kikapu kinahesabiwa. Mwalimu akikuuliza kwa adabu, mjibu kwa maneno machache: "Mwalimu, alifika baada ya mwenzake kuruka." Kisha rudi kwenye nafasi yako.