Somo Letu: Pikapu ya Kikundi Inapoanza Kusumbua

Leo tusome pamoja habari ya magari kuukuu, kwa maana vikundi vingi vikishapata akiba kidogo, wazo la kwanza huwa ni kununua pikapu. Sisi tulinunua. Tulichanga miaka mitatu, huyu akiuza mayai, yule akiuza mbuzi, na siku pikapu ilipofika tuliichinjia jogoo. Mwezi wa pili tayari tulikuwa tunaisukuma.

Kosa letu lilianza siku ya kununua. Tulifika kwa muuzaji saa nne asubuhi, tukakuta injini inanguruma vizuri, tukafurahi. Kumbe ilikuwa imewashwa mapema ili tusisikie inavyokohoa ikiwa baridi. Gari la kukaguliwa liwe baridi. Weka mkono juu ya boneti kabla halijawashwa. Ukiona lina moto, sema utarudi kesho, na usitaje saa. Likiwashwa, nenda nyuma utazame moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili, pengine ringi zimeisha. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Huenda ni filta tu imeziba. Lakini moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, huo uogopeni, kwa sababu maji yanaingia mahali pasipofaa. Halafu chomoa kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, rudini nyumbani na pesa zenu.

Yetu ilikuwa na hiyo chai. Hakuna aliyechomoa kijiti.

Mzee wetu mmoja alikuwa ametushauri tutafute Peugeot 504, eti kwa sababu ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Tulimcheka, maana gari la mashindano lina kundi zima la mafundi nyuma yake, na letu lina sisi. Lakini mzee alikuwa na jambo. Gari la aina ambayo ni nyingi barabarani ndilo ambalo spea zake ziko hata soko la karibu, na kila fundi analijua. Sisi tulichukua aina ya peke yake, kwa vile bei ilikuwa nafuu, na baadaye tukawa tunangoja spea kutoka Nairobi wiki nzima.

Siku ya siku, tukiwa na maziwa ya nyumba thelathini na moja, pikapu ilichemka mlimani. Dereva akakimbilia kifuniko cha rejeta, mvuke ukamchoma mkono mpaka kwenye kiwiko. Jamani, tusikieni hapa: injini ikichemka, zimeni, ngojeni ipoe, hata kama ni saa nzima. Usifungue kifuniko kikiwa moto, wala usimwagie injini ya moto maji baridi, kwani chuma kinaweza kupasuka. Maziwa yaliganda. Kila mwenye maziwa alitaka malipo yake, na alikuwa na haki.

Fundi alibadilisha gasketi ya hedi. Baada ya wiki tatu ikaungua tena. Akabadilisha tena, ikaungua tena. Fundi wa pili, kijana mtulivu, aliweka rula ya chuma juu ya hedi akatuita tuchungulie: mwanga ulikuwa unapita chini ya rula. Hedi ilikuwa imepinda kwa joto, na gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni pesa ya kutupa. Ilibidi ipelekwe kwenye mashine kusawazishwa. Na joto lenyewe lilitoka wapi? Rejeta ilikuwa imeziba kwa kutu na matope, maana tulizoea kuijaza maji ya mtoni. Kwa hiyo mkiambiwa kitu fulani kimeharibika, mwulizeni fundi swali moja zaidi: kimeharibiwa na nini?

Hata hivyo, si injini iliyotuumiza zaidi. Wanachama walianza kunong'ona kwamba mweka hazina anakula pamoja na fundi, kwani pesa za spea zilitumwa kwa simu na risiti hakuna. Mama wa watu akaweka funguo na daftari mezani, akaenda zake. Baada ya hapo tuliweka utaratibu: kila spea mpya na risiti yake, na ile ya zamani irudishwe kwenye kikundi ionekane. Leo tuna sanduku la vyuma vibovu, na manung'uniko yamepungua.

Tukafungua pia kitabu cha gari, cha kuandika kila safari. Hesabu yake ni kama hii. Tuseme safari moja inaingiza shilingi 2,000. Petroli 900, dereva 400, zinabaki 700. Gari likiharibika kwa shilingi 14,000, safari ishirini zimeliwa. Ukienda sokoni mara mbili kwa wiki, hizo ni wiki kumi za kazi ya bure, na bima na tairi hatujataja.

Tulikubaliana kwamba matengenezo yakipita kinachobaki kwa miezi mitatu mfululizo, tunauza na kukodisha gari siku za soko. Mwezi mmoja umepita na tumezidisha. Mweka hazina amekubali kurudi, ila kwa sharti kwamba funguo zisikae kwake.

Ya kujadili kwenye mkutano wenu: Nani katika kikundi chenu anapima maji na oili kila asubuhi, na asipokuwepo ni nani? Hati ya umiliki wa gari ina jina la nani, na ikiwa ni jina la mtu mmoja, akifariki itakuwaje? Na safari ya mwisho ya gari lenu, ilibakiza shilingi ngapi?