Dawa za Presha na Mzee wa Nyumbani

Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike somo la elimu ya viumbe kwa muhula huu, nami nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika habari za moyo wa chura. Karatasi zile nimeziweka kando. Katika likizo ya Desemba nilikwenda nyumbani Pangani kumtazama mama yangu, ambaye umri wake ni miaka 76, na mambo niliyoyaona huko yalinifundisha habari za moyo na mishipa kuliko chura wote niliopata kuwapasua. Najua kwamba wengi wenu mnaosoma hapa mna bibi au babu mwenye maradhi ya presha, na ninyi wazazi huenda mnazo dawa hizo hizo kabatini. Basi nawaombeni mnivumilie nieleze habari za nyumbani kwangu.

Kwa muda wa miaka minne mama amekuwa akimeza vidonge vya namna mbili. Cha kwanza ni amlodipine, miligramu 10, na cha pili ni hydrochlorothiazide, miligramu 25, ambacho watu wengi hukiita kidonge cha maji. Kila Jumapili nilimpigia simu, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimwuliza, “Mama, unameza dawa?” Naye alijibu, “Nameza, baba.” Mimi nikaridhika. Safari moja tu alisema miguu inamjaa, nami, kwa haraka ya mtu aliye na madaftari ya kusahihisha, nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba asiiache dawa. Tangu siku hiyo hakunieleza tena habari za miguu.

Siku ya nne ya likizo yangu, alfajiri kabla ya adhana, nilisikia kishindo uani. Nilimkuta mama yu chini karibu na mlango wa choo, paji la uso limepasuka, jasho jembamba limemtoka, na maneno yake hayashikamani. Tulimbeba mpaka kitandani. Alipolala kwa muda wa dakika kumi hivi akili zikamrudia, akataka maji, kisha akatukataza tusiwaamshe majirani.

Siku ile ilikuwa ndiyo siku yake ya kliniki. Tabibu alimpima amelala, akaona 104 juu ya 60. Akamsimamisha, mimi nikimshika mkono, akampima tena baada ya dakika moja, akaona 82 juu ya 50. Hapo mama akasema chumba kinazunguka, akalazwa upesi. Tabibu akamwuliza kwa upole, “Mama, jana ulimeza vingapi?” Mama alinitazama mimi kwanza. Kisha akaeleza kwamba kwa wiki tatu hakumeza hata kimoja, kwa sababu miguu ilimvimba hata viatu vikamkataa, na kidonge cha maji kilimwamsha mara nne au tano kila usiku. Lakini hakutaka mashine imfedheheshe mbele ya watu wa kliniki. Kwa hiyo jana yake usiku alimeza viwili viwili, kama mtu alipaye deni.

Nilikaa kimya. Mimi ni mwalimu wa somo hili, nami nilikuwa nimemwuliza swali la Jumapili miaka minne bila kumpa nafasi ya kujibu kweli.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Shinikizo la damu ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa. Kipimo cha juu chaonyesha nguvu hiyo moyo unapokaza, na cha chini chaonyesha nguvu iliyopo moyo unapolegea. Twaipima kwa milimita za zebaki. Mtu wa kwanza kuipima alikuwa Mwingereza, Stephen Hales, naye mwaka 1733 aliandika jinsi alivyotia mrija katika mshipa wa farasi na kutazama damu ikipanda. Ashukuriwe Riva-Rocci wa Italia, ambaye mwaka 1896 alibuni ukanda wa kufunga mkononi, maana nani angekubali mrija ule! Kipimo cha 140 juu ya 90 au zaidi, kikionekana mara kwa mara, ndicho kwa kawaida huitwa presha ya juu. Maradhi haya mara nyingi hayaumi. Na hapa ndipo penye shida: mgonjwa haoni ugonjwa, lakini aona madhara ya dawa. Mama hakuhisi presha hata siku moja, lakini miguu aliiona kila asubuhi.

Mtu asimamapo, damu nyingi hushuka miguuni. Katika shingo na karibu na moyo mna vihisi ambavyo hutambua upungufu huo mara moja, navyo huuarifu ubongo, mishipa ikabanwa na moyo ukaongeza mwendo. Kwa kijana kazi hii humalizika kabla hajafika mlangoni. Kwa mzee vihisi vimechoka na mishipa imekuwa migumu, na kama dawa imeilegeza mishipa na nyingine imepunguza maji mwilini, jibu huchelewa. Ubongo hukosa damu kwa nukta chache, na mtu huanguka. Matabibu huhesabu kwamba kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kikishuka kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo ni hatari. Cha mama kilishuka kwa 22. Mzee apimwaye akiwa ameketi tu aweza kuambiwa yu salama, kumbe akisimama yu mtu wa kuanguka. Mwombeni mpimaji ampime na akiwa amesimama. Ombi hili halina utovu wa adabu.

Sasa habari za miguu. Amlodipine hulegeza mishipa midogo ipelekayo damu, lakini ile irudishayo damu hailegei kwa kadiri hiyo hiyo. Damu yaingia kwa wingi katika vimishipa vyembamba kabisa, na maji yake huvuja yakakaa katika nyama za kifundo cha mguu, zaidi jioni na zaidi kwa dozi kubwa ya miligramu 10. Majirani walikuwa wamemwambia mama kwamba ni figo, na mwingine akasema amekanyaga kitu. Ni kweli kwamba moyo na figo vyaweza kuvimbisha miguu, kwa hiyo haifai kubahatisha, sharti apimwe. Lakini uvimbe uletwao na dawa hii hautoki vizuri kwa kuongeza kidonge cha maji, maana maji hayakuzidi mwilini, yamehama mahali tu. Mzee aweza kupewa dawa ya pili kuponya madhara ya kwanza, na ya tatu kuponya ya pili, hata mfuko wa dawa ukawa mzito kuliko wa sukari. Tabibu wetu hakufanya hivyo. Alipunguza amlodipine ikawa miligramu 5.

Kidonge cha maji mama alikuwa akikimeza baada ya sala ya Isha, kwa kuwa ndipo alipokumbuka. Hakuna aliyemwambia kwamba chafaa asubuhi. Jambo dogo hivi, na miaka minne ya usingizi ikapotea! Kidonge hiki kwa wazee chaweza pia kupunguza chumvi ya damu, ndiyo sodiamu, na mzee akawa mlegevu, akachanganya majina ya wajukuu, watu wakasema ni uzee. Chaweza kupunguza potasiamu vilevile. Damu ya mama ilipimwa: sodiamu ilikuwa nzuri, lakini kipimo cha figo hakikuwa kizuri sana, na hapo tabibu akauliza swali ambalo hakuna miongoni mwetu aliyelitarajia. “Magoti yanapouma watumia nini?”

Mama akafungua pindo la leso akatoa vidonge vya diclofenac, alivyokuwa akivinunua dukani viwili vitatu bila cheti. Naliona uso wa tabibu ukibadilika. Dawa za jamii hii, na ibuprofen ni ndugu yake, huzuia mwili kutoa chumvi na maji, presha ikapanda, na hupunguza damu iingiayo katika figo. Zikikutana na kidonge cha maji madhara huongezeka, na ikiwapo dawa ya tatu ya jamii ya captopril au losartan, figo za mzee zaweza kuharibika katika siku chache. Mama hakuzihesabu kuwa dawa, kwa sababu hazikuandikwa katika kadi. Aliambiwa aziache, na maumivu ya goti atumie paracetamol kwa kiasi alichoandikiwa.

Nimetaja captopril, nami siwezi kuipita bila kuwapa wanafunzi kisa chake. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Brazil, Sérgio Ferreira, alichunguza sumu ya nyoka wa kwao aitwaye jararaca, ambaye akimwuma mtu presha yake huporomoka. Katika sumu ile mlikuwa na kitu kizuiacho kimeng'enya fulani cha mwilini, na kwa kufuata njia hiyo wataalamu wa Marekani walitengeneza captopril, iliyoruhusiwa kutumika huko mwaka 1981. Lakini kimeng'enya kile kina kazi nyingine pia, ya kuvunja kitu kiitwacho bradikinini. Kisipovunjwa hujaa, na baadhi ya watu hupata kikohozi kikavu kisichokwisha. Mama yangu mkubwa alikohoa miezi mitano. Alipimwa makohozi mara tatu kwa kudhaniwa ana kifua kikuu, akanyweshwa asali na tangawizi mpaka akazichukia, na kumbe ni enalapril, dawa ya ukoo huo huo. Ilipobadilishwa kuwa losartan, kikohozi kilikwisha baada ya wiki tatu hivi. Jambo jingine la dawa za ukoo wa captopril ni kuvimba midomo, ulimi au uso kwa ghafula. Hutokea kwa nadra, lakini kwa watu wa asili ya Afrika hutokea zaidi kuliko kwa wengine. Hilo halingoji siku ya kliniki, wala halingoji asubuhi, kwa sababu pumzi yaweza kuzibwa. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Dawa kama atenolol na propranolol huupunguza mwendo wa moyo, na mzee aweza kuhisi uchovu na baridi ya vidole. Hizi mtu asiziache kwa siku moja, maana moyo uliozoea lijamu ukifunguliwa ghafula waweza kudhurika. Tabibu huzipunguza kidogo kidogo. Na mwenye pumu ataje pumu yake kabla hajaandikiwa.

Jioni ya siku ile mama aliruhusiwa kurudi nyumbani, kipimo kikiwa 126 juu ya 70. Njiani hatukusema sana. Tulipofika nilimwomba radhi kwa ule ukali wa kwenye simu. Akacheka, akasema, “Wewe baba ni mwalimu, hujui kuuliza ila la mtihani.”

Tangu hapo tumebadili mambo. Simwulizi tena kama anameza dawa. Namwuliza miguu i vipi, usiku ameamka mara ngapi, na akisimama kichwa ki namna gani. Mjukuu wake wa Kidato cha Pili amepewa daftari, naye huandika jina la kila kidonge, hata cha dukani, na kipimo cha mara mbili kwa wiki, ameketi na amesimama. Asubuhi mama huketi ukingoni mwa kitanda, huchezesha vifundo vya miguu, huhesabu hata sitini, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Kando ya kitanda pana ndoo na taa, ili safari ya uani isiwe ya lazima. Akisahau dozi, ile ya kesho humeza moja tu. Deni halilipwi.

Palikuwa na ubishi mmoja tu, nao ulikuwa juu ya papa mkavu. Shirika la Afya Duniani lashauri chumvi isipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na papa wa chumvi pekee aweza kuzimaliza kabla nazi haijatiwa. Mama alisema amemla tangu hajaota meno. Tumepatana kwamba aloweshwe usiku kucha, maji yamwagwe mara mbili, na aliwe Ijumaa. Sijui kama mapatano hayo yanashikwa nisipokuwapo. Na Ramadhani ikikaribia atamwona tabibu mapema, kwa sababu kidonge cha maji na kiu ya mchana kutwa si marafiki.

Baada ya wiki mbili alipimwa tena: ameketi 138 juu ya 80, amesimama 130 juu ya 78. Baada ya mwezi kipimo cha figo kilirejea mahali pake. Viatu vyake vya Idi vyamwingia.

Nami niliporudi shuleni niliwapa Kidato cha Tatu jaribio hili badala ya chura. Kila mwanafunzi alipimwa amelala na kisha amesimama, na aliyeshuka zaidi ya wote alishuka kwa 8, akaona fahari kama kwamba ameshinda. Siku ya Wazazi mashine itakuwa juu ya meza katika maabara ya viumbe, pamoja na kitanda cha kulalia, kuanzia saa tatu asubuhi. Wazazi watakaopenda kupimwa na waje na vidonge vyao vyote katika mfuko, pamoja na vile vilivyofungwa katika pindo la leso.