Assange aliikimbia nchi ipi?

Swali: Kama Uswidi ndiyo iliyomtaka Julian Assange wa WikiLeaks (tovuti iliyochapisha nyaraka za siri), mbona alidai anaikwepa Marekani?

Jibu: Hofu yake ilikuwa hatua ya pili: akishapelekwa Stockholm kuhojiwa kuhusu tuhuma za ukatili wa kingono, Marekani ingeomba ikabidhiwe yeye. Ndiyo maana mwaka 2012 alijificha katika ubalozi wa Ekuador jijini London, akakaa humo karibu miaka saba. Wengi walisema ni kisingizio, na kweli tuhuma zile hazikuwahi kusikilizwa mahakamani. Lakini polisi walipomtoa Aprili 2019, ombi la Marekani lilikuwa tayari mezani. Baadaye mashtaka yalifika 18, na 17 kati yake yalikuwa chini ya Sheria ya Ujasusi ya 1917. Mtu anaweza kukwepa kesi moja na bado akawa na sababu ya kuiogopa nyingine.

Januari 2021 jaji wa London alikataa kumkabidhi kwa sababu ya afya yake ya akili, wala si kwa kutetea uhuru wa habari (hili husahaulika mno). Uamuzi huo ulitenguliwa. Juni 2024 alikiri kosa moja mahakamani Saipan, eneo la Marekani katika Pasifiki, akarejea kwao Australia.