Miezi Sita Iliyogeuka Miaka 25

Norris Bradbury alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Santa Barbara, jimbo la California, huko Marekani. Alipokua alijifunza kemia, kisha fizikia, yaani elimu ya asili ya vitu na nguvu zake. Hata mwaka 1932 akapata shahada ya udaktari. Mwalimu wake, Leonard Loeb, alikuwa pia ofisa wa akiba katika jeshi la wanamaji, akamshauri mwanafunzi wake ajiandikishe. Basi Bradbury akawa mtu wa kazi mbili: wakati wa amani mwalimu wa chuo kikuu cha Stanford, na wakati wa vita ofisa wa wanamaji.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja aliitwa jeshini, akawekwa mahali pa kujaribia mizinga, kupima jinsi makombora yanavyoruka. Mwaka 1944 akapelekwa Los Alamos, mji wa siri juu ya milima ya New Mexico. Huko wataalamu walikuwa wakitengeneza bomu la atomu, chini ya mkuu wao, Robert Oppenheimer.

Ndani ya bomu lile mliwekwa tufe la plutoniamu, madini yanayotengenezwa kwa uraniamu. Na sehemu kubwa ya uraniamu yao ilitoka Afrika, katika machimbo ya Shinkolobwe, Katanga, ilikochimbwa kwa mikono ya Wakongo. Tufe lilizungukwa na baruti kali pande zote. Kazi ya baruti ilikuwa kulibana kwa ghafula, nayo ilipasa ilipuke pande zote mara moja. Shika chungwa lililomenywa ukalibane: ukikaza vidole upande mmoja tu, litachopoka upande wa pili. Ndivyo ilivyokuwa hatari ya bomu lile.

Bradbury ndiye aliyesimamia kazi ya kuipanga baruti hiyo. Aliandika ratiba ya kila siku na kila saa. Lakini siku ya Jumapili, tarehe 15 Julai 1945, aliandika kwamba watu watafute miguu ya sungura na majani ya bahati, vitu ambavyo Wamarekani husema vina heri. Ulikuwa mzaha, walakini ulikuwa na maana: kazi yote ya mikono imekwisha, limebaki kungoja. Kesho yake alfajiri bomu lililipuka jangwani, kwa nguvu ya zaidi ya tani 20,000 za baruti. Tarehe 9 Agosti bomu la namna hiyo hiyo liliangushwa juu ya mji wa Nagasaki, Japani, likaua makumi ya maelfu ya watu, wake kwa waume na watoto.

Vita ikaisha. Oppenheimer akajiuzulu, na wataalamu wengi wakarudi makwao. Bradbury aliombwa ashike ukuu wa mahali pale, akakubali kwa miezi sita tu. Majira ya baridi yalipofika, mabomba ya maji yaliganda, maji yakaletwa kwa malori. Wengine wakadhani mji utakufa. Bradbury hakuondoka. Aliwasihi watu wakae, akaomba nyumba bora zijengwe. Ile miezi sita ikawa miaka 25, hata mwaka 1970.

Katika miaka hiyo silaha zilizidi ukali. Mwaka 1952 bomu la haidrojeni lilifutilia mbali kisiwa kizima katika Bahari ya Pasifiki. Tarehe 1 Machi 1954, lingine lililobuniwa Los Alamos lilijaribiwa huko Bikini, na nguvu yake ikazidi mara mbili ile waliyoikadiria. Vumbi lenye sumu likawaangukia wenyeji wa Rongelap na wavuvi wa Kijapani, watu wasiokuwa na ugomvi na mtu.

Mwaka huo huo Oppenheimer alishitakiwa kuwa si mtu wa kuaminiwa na serikali. Bradbury alisimama mbele ya baraza akamshuhudia kuwa mwaminifu.

Bradbury alikuwa akisema kwamba mafundi wengi hupenda kuona kazi yao ikitumika, lakini wao walifanya kazi kwa bidii kutengeneza vitu ambavyo walitumaini havitatumika kamwe. Wako wanaosema kwamba hofu ya silaha hizo imewazuia wakubwa wa dunia wasipigane vita kuu tena. Wako wanaojibu kwamba amani iliyojengwa juu ya hofu ni nyumba juu ya mchanga, nao huwakumbuka watu wa Nagasaki na wa Rongelap. Msomaji, usiache hoja moja kwa kupenda nyingine. Zipime zote mbili.

Bradbury alikufa tarehe 20 Agosti 1997, mwenye umri wa miaka 88, katika mji ule ule wa Los Alamos. Silaha alizozilinda zingali zipo baada yake.

MASWALI
1. Kwa nini ilipasa baruti ilipuke pande zote mara moja?
2. Bradbury alifanya nini maji yalipoganda na watu walipoondoka?
3. Je, fundi anaweza kulaumiwa kwa kazi ya chombo alichokitengeneza? Toa sababu zako.