Uhifadhi wa Fasihi Simulizi kwa Filamu: Picha Isiyo na Sauti Hubakiza Nini?

Watahiniwa wengi huiona mada hii kuwa nyepesi, na ndiyo sababu huipotezea alama. Waulize njia za kuhifadhi kazi za fasihi simulizi, watakutajia haraka: kichwani, maandishi, vinasa sauti, kanda za video, filamu, kompyuta. Waulize ubora na udhaifu wa filamu, utasikia jibu moja: "Filamu huhifadhi kila kitu, ila ni ghali." Jibu hilo lina kasoro mbili. Filamu haihifadhi kila kitu, na kwa mtu mwenye simu mkononi kurekodi si ghali kama zamani.

Katika sehemu hii tutaichunguza filamu tukianzia pale ilipokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, yaani ilipokuwa haina sauti. Ukielewa ni nini kilibaki ndani yake na ni nini kilitoweka, hutahitaji kukariri hoja.

Kabla ya kuendelea, kumbuka mambo yanayokamilisha kazi ya fasihi simulizi: fanani, hadhira, utendaji, mahali na wakati. Haya matano yaweke pembeni ya karatasi yako. Kila njia ya uhifadhi tutaipima kwa kuuliza imeokoa lipi na imeacha lipi.

Filamu bubu zilionyesha nini?

Tarehe 28 Desemba 1895, jijini Paris, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu fupi 10 kwa watu waliolipa kiingilio. Kila moja haikufika hata dakika moja. Mojawapo ilionyesha wafanyakazi wakitoka katika kiwanda cha ndugu hao mjini Lyon: wanawake waliovaa kofia na sketi ndefu, wanaume, baiskeli, na mbwa anayekatiza. Hakuna kisa wala mhusika mkuu. Ni watu wanatoka kazini.

Miaka michache baadaye, huko Blackburn, kaskazini mwa Uingereza, Sagar Mitchell na James Kenyon waliifanya kazi hiyo kuwa biashara. Kati ya mwaka 1900 na 1913 hivi walipiga filamu za watu wakitoka viwandani, wakiwa mitaani, kwenye maonyesho yenye bembea na michezo, na kwenye mechi za mpira. Kisha wafanyakazi walewale walilipa kiingilio waende kujiona. Wenye maonyesho walijua kwamba mtu huvutwa na sura yake mwenyewe kuliko sura ya mfalme. Ukizitazama leo utaona vijana wakikimbilia mbele ya kamera na kupunga kofia, sawasawa na watoto wa stendi ya Bariadi wakiona mtu ananyanyua simu.

Hapo kuna hoja ambayo watahiniwa huisahau: kamera hubadilisha utendaji. Mtu anayejua anapigwa picha hatendi kama yule asiyejua. Hadhira iliyopaswa kumtazama fanani inageuka kuitazama kamera. Ukiandika hoja hiyo na kuitolea mfano, mtahini ataona kwamba umefikiri.

Filamu hizo zilipotea machoni mwa watu kwa miongo mingi. Mwaka 1994 mafundi waliokuwa wakikarabati duka moja mjini Blackburn walikuta chini ya jengo vyombo vya chuma vyenye zaidi ya tepe 800 za filamu. Watafiti walilazimika kutambua mitaa na miaka kwa kusoma mabango ya maduka na matangazo yaliyoonekana ukutani. Majengo mengi yalipata majina. Nyuso nyingi hazikupata, na hakuna tena wa kuulizwa.

Je, zilikuwa bubu kweli?

Utepe ndio uliokuwa bubu. Ukumbini palikuwa na sauti tele. Sehemu nyingi mpiga piano au bendi nzima ilipiga muziki picha ikienda. Japani kulikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, ambao walisimama kando ya picha wakieleza kisa na kuigiza sauti za wahusika. Baadhi yao walipata umaarufu kuwazidi waigizaji wenyewe. Kama umewahi kukaa kwenye banda la video ukamsikia Lufufu akiifasiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili na kuitia mbwembwe zake, unaijua ladha hiyo. Kwa lugha ya mada yetu, filamu ilikuwa imehifadhiwa, lakini fanani alikuwa bado yuko hai pembeni yake, na masimulizi yake yalibadilika kulingana na hadhira ya siku hiyo. Filamu nyingine zimefika kwetu. Masimulizi yale, kwa sehemu kubwa, hayakufika.

Mfano wa Bagika na Bagalu

Sasa tuje nyumbani. Katika wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, kama ilivyo kwingine Usukumani, msimu wa ngoma hunoga baada ya mavuno, pamba ikishauzwa. Vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa miaka mingi ni Bagika na Bagalu. Katika mashindano ya jadi, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji huhama kwenda kule kunakowavutia. Kundi lenye umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda. Manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, hutunga na kuongoza nyimbo, na humo hupenyeza vijembe kwa wapinzani.

Fikiria mashindano hayo yamepigwa filamu bubu. Ungejua nani ameshinda? Ndiyo. Ungeuona umati ukimeguka upande mmoja na kujaa upande wa pili. Ungeyaona mavazi, zana walizoshika, vumbi, umri wa watazamaji, na nani amesimama karibu na nani. Mambo hayo ni adimu kuyapata katika kitabu cha nyimbo, kwa sababu mwandishi huyaona ya kawaida mno kuyaandika.

Lakini usingejua kwa nini umati umehama. Huenda ningi ametupa kijembe kilichowavunja watu mbavu, na kijembe hicho hakimo kwenye picha. Midomo inaonekana ikifunguka, basi. Lugha, ambayo ndiyo malighafi ya fasihi, imetoweka yote. Kwa hiyo filamu bubu imeokoa hadhira, mahali na mwili wa fanani, ila imeacha neno. Kinasa sauti hufanya kinyume chake: huokoa neno, kikaacha umati gizani.

Udhaifu mwingine uko kwenye mwendo. Kamera za mwanzo zilizungushwa kwa mkono, kwa wastani wa kama picha 16 kwa sekunde. Filamu za sauti zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1920, kiwango kikawa picha 24 kwa sekunde. Filamu ya zamani ikipitishwa kwenye mashine ya kasi hiyo bila kurekebishwa, ngoma ya sekunde 60 huisha kwa sekunde 40, na watu huonekana wakidemadema kama wamechomwa na siafu. Wazee wetu hawakutembea hivyo. Kwa kazi kama Bugobogobo, ambayo mwendo wake unafuata jembe na ngoma, kosa la kasi huharibu maana.

Jaribio la Vugiri

Hapa Tanganyika kuna mfano mzuri kuliko yote. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji Waafrika. Zilitengenezwa filamu 35, zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani. Nyingi zilifundisha kilimo, afya na kodi. Mojawapo ilihimiza kuweka akiba katika benki ya posta. Picha zilikuwa bubu, na maelezo yalirekodiwa kando kwenye sahani za santuri, ili picha ileile iweze kusemeshwa kwa lugha tofauti kila ilikokwenda.

Ujanja huo ulikuwa mzuri barabarani na mbaya ghalani. Kitu kilichohifadhiwa vipande viwili kinaweza kupotea mara mbili: sahani ikivunjika, picha inabaki bubu; tepe ikiharibika, sauti inabaki haina pa kukaa. Katika filamu zile 35 zimesalia chache sana, na zinatunzwa Uingereza, mbali na watu waliomo ndani yake.

Mradi ule unatukumbusha pia kuwa anayeshika kamera ndiye anayechagua. Wakoloni walitaka mashamba na vyoo. Wageni wengine walitaka wanyama: Wamarekani Martin na Osa Johnson walipotoa filamu yao ya Afrika Mashariki mwaka 1928, waliiita Simba. Katika filamu za aina hiyo simba hupewa nafasi kubwa kuliko mtunzi wa nyimbo.

Namna ya kujibu swali

Swali laweza kuja hivi: "Filamu ni njia bora kuliko zote ya kuhifadhi fasihi simulizi. Jadili." Neno "jadili" linakutaka upime pande zote mbili, kisha uonyeshe msimamo. Aya moja ya kiini inaweza kuwa hivi:

Filamu huhifadhi utendaji na hadhira, mambo ambayo maandishi huyapoteza. Kwa mfano, katika mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu, filamu huonyesha watazamaji wakihama kutoka kundi moja kwenda jingine, na hivyo kuonyesha mshindi. Hata hivyo, filamu isiyo na sauti, au yenye sauti iliyoharibika, haiwezi kuhifadhi maneno ya manju yaliyowavutia watazamaji hao. Kwa hiyo filamu huhitaji kuambatana na maandishi ya wimbo, jina la fanani, mahali na tarehe.

Ona kwamba aya ina hoja, mfano, upinzani na hitimisho lake dogo. Aya sita za namna hii zinatosha. Usijaze ukurasa kwa kurudia kwamba vifaa ni ghali.

Zoezi

Fanya zoezi hili likizo, si usiku wa kuamkia mtihani. Mwombe ruhusa bibi, babu au kiongozi wa ngoma kijijini kwenu, umrekodi kwa simu akiimba au akisimulia kwa dakika tatu. Kisha itazame video hiyo mara mbili: mara ya kwanza ukiwa umezima sauti, mara ya pili ukiwa umeifunika skrini. Jibu kwa maandishi:

1. Ulipozima sauti, ni kipi kati ya yale mambo matano kilibaki wazi, na kipi kilipotea kabisa?
2. Fanani alibadilisha nini alipojua anarekodiwa? Muulize mwenyewe, halafu linganisha na ulichokiona.
3. Andika maneno ya wimbo au kisa hicho kwa lugha aliyotumia, kisha kwa Kiswahili. Taja maneno mawili yaliyokushinda kufasiri na ueleze sababu.
4. Simu hiyo ikipotea kesho, ni nani mwingine mwenye nakala? Kama hayupo, kazi hiyo imehifadhiwa kwa njia gani hadi sasa?

Jina la fanani, kijiji, wilaya na tarehe viandikwe siku hiyohiyo, kabla hujafanya jambo jingine.