Asali ya nyuki wadogo isiingie jichoni

SWALI: Daktari, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Tabora, nina miaka 22 na ninaishi Isevya. Sioni mbali, na tangu mwaka jana navaa lenzi nilizopimiwa Dar es Salaam. Hivi karibuni maji maalumu ya kusafishia lenzi yaliniishia, nikawa natumia maji niliyochemsha na kutia chumvi. Leo ni siku ya tatu jicho la kulia ni jekundu, linauma, na mwanga unanisumbua. Bibi amenipa asali ya nyuki wadogo iliyotoka Sikonge, nidondoshe asubuhi na jioni. Nimedondosha mara mbili. Inawasha sana, lakini machozi na tongotongo vinatoka, naye anasema huo ndio uchafu unaotoka. Je, niendelee? Na lini nirudishe lenzi?

JIBU: Binti yangu, asali iache leo. Lenzi zitoe, usizirudishe, na uende Kitete, kwenye hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, ukaonwe na wataalamu wa macho leo hii. Haya nilikwisha kukuambia kwa simu siku niliyoipata barua yako. Nayarudia hapa kwa ajili ya wasomaji wengine, kwa kuwa barua kama yako napokea kila kiangazi vumbi likianza, na karibu kila moja ina chupa ya asali ndani yake.

Nianze na bibi yako, ambaye sina ugomvi naye. Asali ya misitu ya Sikonge, Urambo na Kaliua ni fahari ya mkoa huu, na ya nyuki wadogo wasiouma ndiyo watu huitafuta kuliko nyingine zote kwa ajili ya dawa. Kikohozi kikavu kwa mtu mzima, mpe kijiko, sitakuzuia. Lakini hoja za wanaoitia machoni nimezisikia mara nyingi mno, na leo nataka kuzipitia.

Ya kwanza husema asali haiozi, kwa hiyo ni safi. Kweli, asali nzito hukaa miaka. Sukari yake nyingi huwanyang'anya vijidudu maji, na uchachu wake huwazuia wasizaane. Hayo yote hutendeka ndani ya chupa. Ikishaingia jichoni, machozi huizimua mara moja, na ile nguvu iliyoilinda isioze hupotea. Kinachobaki ni vilivyokuwemo: chavua, vipande vya nta, vumbi la mzinga, na mbegu za bakteria ambazo zilikuwa zimelala tu, hazikufa. Ndiyo sababu kliniki ya watoto humkataza mama kumlambisha asali mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Mbegu hizo zinaweza kuamkia tumboni mwake na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi mtoto ashindwe kupumua. Tena asali ya nyuki wadogo ina maji mengi kuliko ile ya nyuki wanaouma. Warina asali wanajua jinsi inavyochacha upesi na kutoa povu chupani. Hiyo ndiyo tunayoichagua kwa ajili ya jicho!

Ya pili husema mbona hospitali hutibu vidonda kwa asali. Ipo asali ya hospitali, nami sikatai. Huchujwa, kisha hupigwa mionzi ya gama ili kuua mbegu hizo, na hutiwa kwenye vifungashio visivyo na kijidudu. Yapo hata matone ya macho yanayotengenezwa viwandani kwa asali iliyoshughulikiwa namna hiyo. Ya bibi imepita kwenye ndoo, kitambaa cha kuchujia, chupa ya maji iliyokwisha kutumika na kijiko cha jikoni. Kuziita zote mbili asali hakuzifanyi kuwa dawa moja.

Ya tatu ndiyo inayonikasirisha zaidi: kwamba ikiwasha ujue inafanya kazi. Jicho likiguswa na kitu kichachu hutoa machozi ili kujiokoa. Ukitia ndimu litalia hivyo hivyo. Machozi yale huosha tongotongo, mtu akapata nafuu ya saa moja, akaisifu dawa, huku kidonda kilicho kwenye kioo cha mbele cha jicho kinazidi kuchimbika. Kioo hicho ni chembamba mno, nusu milimita hivi katikati, na sihitaji kukueleza zaidi ya hapo kuhusu maumbile yake. Kikishatoboka au kupata kovu, lile jeupe tunaloliita chamba, hakuna asali wala matone yatakayolifuta.

Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, iliwahi kuwafuatilia wagonjwa 103 wenye vidonda vya kioo cha jicho, na matokeo yakachapishwa 1994. Takriban mmoja katika kila wanne alikuwa ametia dawa za kienyeji kabla ya kufika. Na msidhani mambo hayo yaliisha. Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoanzia Dar es Salaam na kuenea mikoani, Wizara ya Afya ililazimika kuwasihi watu wasitie machoni vitu visivyo dawa. Yale macho mekundu yalikuwa ya virusi, ambayo mara nyingi hupoa yenyewe baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo aliyetia maziwa ya mama alipona, aliyetia maji ya majani ya chai alipona, na kila mmoja akabaki na ushuhuda wa kumsimulia jirani. Ushuhuda wa namna hiyo ndio unaomuumiza mwenye kidonda cha kweli.

Sasa lenzi zako. Lenzi laini hunyonya kama sifongo. Chochote ulichoioshea hukaa nacho jichoni kutwa nzima, kikiwa kimebanwa juu ya kioo chenyewe. Katika maji ya bomba, ya kisima, ya bwawa la Igombe au yale yanayotufikia kutoka Ziwa Victoria anaweza kuwemo mdudu aitwaye akantamiba. Ukimnywa hakudhuru, na klorini ya kawaida haimwui kwa kuwa hujikinga nayo ndani ya gamba lake. Jichoni huleta maumivu makali, na matibabu yake huchukua miezi. Kuchemsha na kutia chumvi ulifikiri umejilinda, lakini maji hayo huchafuka tena yakikaa kwenye kikombe au kikasha cha lenzi, na chumvi haiui kitu. Marekani katikati ya miaka ya 1980 walipata mlipuko wa ugonjwa huo kwa watu wanaovaa lenzi, na wengi wao walikuwa wakitengeneza maji ya chumvi nyumbani kama wewe.

Basi maji maalumu yakiisha, vaa miwani mpaka upate mengine. Mate usitumie. Kila jioni kikasha kimwagwe chote na kitiwe maji mapya, usiongezee juu ya ya jana, na kibadilishwe kila baada ya miezi mitatu. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikauke kabisa, hasa kwa mnaosaidia nyumbani kuchambua tumbaku, maana utomvu wake ukifika jichoni kupitia kidole utajuta. Usiogelee nazo, usioge nazo. Na usilale nazo: kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi ya kioo cha jicho mara sita hadi nane. Wasichana wanaonunua lenzi za rangi kwa ajili ya send-off na kuazimana, sheria ni hizi hizi, na kuazimana kusiwepo kabisa.

Duka la dawa muhimu lililo karibu nawe nalo nalitaja, kwa sababu ndiko utakakokimbilia ukiiacha asali. Matone mengine yanayouzwa humo yana deksamethasoni. Hupunguza wekundu kwa haraka, mtu anashukuru, kumbe yamepunguza kinga ya jicho, na kama kidonda ni cha fangasi kinastawi. Fangasi wa jicho ni wa kawaida katika nchi za joto zenye wakulima wengi kama kwetu. Usinunue tone lolote la jicho linalouma bila kupimwa kwanza.

Na hizi siku tatu, binti, ni nyingi. Wapo bakteria wanaopenda lenzi ambao huharibu kioo cha jicho kwa siku moja au mbili. Wagonjwa wengi hunijia wiki ya pili au ya tatu, baada ya asali, baada ya duka, baada ya jirani, na swali lao ni kama nitawarudishia mwanga. Wengi nawajibu hapana. Mwaka 1857 Mwingereza John Hanning Speke alipita hapa Kazeh, mji tunaouita Tabora leo, na mwaka 1858 akafika Ujiji akiwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Ziwa Tanganyika, alilotembea miezi kulifikia, alilishuhudia kama ukungu na mng'ao tu. Hospitali hakuwa nayo, na pwani ilikuwa mwendo wa zaidi ya miezi minne nyuma yake. Wewe kutoka Isevya una bodaboda ya dakika chache. Msomaji wa Igunga ana Nkinga, wa Nzega ana Ndala. Kama kituo ulichofika hakina mtaalamu wa macho, omba rufaa siku hiyo hiyo, usikubali kuambiwa urudi wiki ijayo.

Nenda na lenzi zenyewe, kikasha chake na hayo maji ya chumvi kama yamebaki, maana maabara inaweza kuvipima. Sema wazi kwamba ulitia asali, mara ngapi na lini. Hakuna atakayekucheka, na jambo hilo hubadilisha dawa utakayopewa. Watakutia rangi jichoni na kuliangalia kwa taa ya buluu ili kuona kama kuna kidonda. Lenzi zitarudi pale tu watakapokuandikia kwamba kimepona, zikiwa jozi mpya na kikasha kipya. Hizo za sasa zisivaliwe tena.

Na bibi umchukue mwende wote. Kwa umri wake anastahili kupimwa mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi, na presha ya macho, ambayo hula nuru taratibu bila maumivu yoyote.